Nyekundu ya Kambali

Solo, 5 Juni 1978

Kang Kambali,

Salamu nitakupa mwisho, nikibaki na hamu. Kwanza pokea vitambaa vyako sita, nimevirudisha kwa basi la asubuhi. Hakuna aliyenunua. Yule mke wa hakimu, aliyekuwa akichukua batiki yako kila mwaka kabla ya Idi, alikikunjua kimoja, akakishika kwa vidole viwili kama ameokota mkia wa panya, akaniuliza, "Bu Tum, hii ndiyo nyekundu ya Lasem, au Lasem siku hizi wana homa ya manjano?" Nikacheka naye. Nifanyeje, mimi ni mwanamke wa soko.

Tangu mkeo, dada yangu Kinem, atutoke, mwaka na miezi mitatu sasa, kila furushi linalotoka kwenye mapipa yako lina rangi ya chai iliyolala. Mara tatu nimenyamaza. Sasa sinyamazi, kwa sababu ya Wening. Mjukuu wako anaolewa mfunguo tatu, na huko anakoolewa ni Rembang, kwa watu wanaojua batiki kuliko wanavyojua kuswali. Shangazi za bwana harusi watakikunjua kitambaa cha bibi harusi mbele ya wageni wote, watakinyoosha juani na kusema walichokiona. Ndiyo desturi, huwezi kuikwepa. Wakiona chai, Wening ataitwa Bibi Chai mpaka meno yamtoke.

Mwachie Warti akitie rangi. Ni binti yako, ana mikono miwili na miaka arobaini. Au niache nikinunue hapa.

Sasa salamu.

Shemeji yako,
Tumirah


Lasem, 11 Juni 1978

Dik Tum,

Mimi mzima, ukitaka usitake.

Vitambaa nimevipata. Nimevitundika uani, nikavitazama asubuhi, adhuhuri na alasiri, na nakuambia ni vyekundu kama vyote vilivyotoka humu tangu nirithi mapipa ya baba. Kilichoharibika si kitambaa, ni macho ya Solo.

Shule niliiacha darasa la tatu (tuseme kweli, mwalimu ndiye aliyeniacha), lakini jambo hili nimelifikiri na nimelimaliza. Kwa nini watu wawili watazame rangi moja, kila mmoja aone lake? Ni mazoea. Ninyi watu wa Solo mmezaliwa ndani ya hudhurungi. Batiki yenu hudhurungi, milango yenu hudhurungi, fenesi lenyewe mnalichemsha na sukari usiku kucha mpaka liwe hudhurungi ndipo mliite chakula. Mtu wa namna hiyo ukimwonesha nyekundu ataiona hudhurungi, kwa sababu ndiyo iliyojaa kichwani. Sisi wa pwani tunakula samaki, na chumvi husafisha jicho. Huyo mke wa hakimu mlishe samaki mkavu siku arobaini, kisha umwoneshe tena.

Kunitajia Warti ni kunitukana. Juzi alikuja kando ya pipa akaniambia, "Bapak, hicho kimepitiliza." Nikamwuliza, "Kimepitiliza wapi, Surabaya?" Akarudi kwenye wali wake, ambao ndio unaopitiliza kila siku. Mtu anayeunguza wali atanifundisha nini mimi?

Wewe unadhani nyekundu ni kumwaga mizizi ya mti wa mengkudu ndani ya maji na kukoroga. Nyekundu ni kujua wakati. Ukikitoa kitambaa mapema ni shavu la mtoto mchanga, ukichelewa ni kutu ya nanga. Baba yangu alikuwa akionja maji kwa ulimi. Mimi nina njia yangu na mji mzima unaijua: sikitoi kitambaa mpaka nimekunywa kahawa. Nakaa kwenye kigoda, natazama pipa, Kinem analeta kahawa, nakunywa mpaka kwenye machicha, nanyanyuka, nakitoa. Miaka arobaini na moja, hakuna kilichoharibika hata kimoja. Wenye majumba makubwa ya batiki walituma watu wachungulie juu ya ukuta waone siri yangu. Waliona mzee anakunywa kahawa, wakaenda zao. Sasa ananiletea Warti, kila siku saa nne barabara kama tarishi wa serikali, nami nakunywa na kukitoa vilevile.

Kitambaa cha Wening nitakitia mimi. Hao shangazi wa Rembang waje na miwani.

Kambali


Solo, 2 Julai 1978

Kang Kambali,

Mjukuu wako Pramudi, mwana wa Warti, ambaye hapo kwenu mnadhani yuko Semarang anashonewa sare ya ubaharia, yuko stoo kwangu anakunja mashuka. Chuo kimemkataa. Ameona haya kurudi Lasem, akaja kwangu, na kwa siku mbili hakusema neno ila "asante" na "nimeshiba", na yote mawili ni uongo.

Hakushindwa hesabu wala kuogelea. Walimpa kadi zilizojaa madoa ya rangi, wakamwuliza humo ndani anaona namba gani. Hakuona namba. Wakamwashia taa nyekundu na taa ya kijani, wakamwambia azitaje. Akasema zote ni moja. Mtu wa namna hiyo hawezi kuongoza meli, atazigonga zote.

Nikampeleka kwa daktari wa macho hapa. Akaniambia si mazoea wala chakula, kwa hiyo samaki wako mkavu kale mwenyewe. Mtu huzaliwa hivyo. Na kijana wa kiume huipata kwa mama yake. Mama mwenyewe anaona sawasawa, anaibeba tu, naye kapewa na baba yake. Kisha akaniuliza, "Babu yake mzaa mama yu hai? Anafanya kazi gani?"

Nikamwambia anauza samaki.

Kang, usinipigie kelele, niko mbali sitasikia. Nenda Rembang kwa daktari wa macho, ukaulize hizo kadi, ni dakika kumi. Nenda kabla hujagusa kitambaa cha Wening. Nina sababu yangu na usiniulize ni ipi.

Tumirah


Lasem, 19 Julai 1978

Dik Tum,

Nimekwenda. Usifurahi, sikwenda kwa ajili yako. Nilikuwa na jino.

Kwanza alinipokea nesi mmoja, ana sauti ya kubembeleza mbuzi, ananiita Mbah kana kwamba mimi ni babu yake. Akaniwekea kadi mbele.

"Mbah, unaona namba gani hapa?"

"Naona mtu kamwaga dengu."

"Tazama vizuri, Mbah. Ipo sabini na nne."

"Sabini na nne ni umri wa mama mkwe wako. Hapa pana dengu."

Akafungua nyingine. Dengu. Nyingine, dengu. Akaniambia, "Mbah, usinitanie." Nikamwambia, "Mwanangu, aliyechapa kitabu hiki ndiye anayekutania." Kisha, sikiliza hili, kwenye kadi moja niliona namba wazi kabisa, arobaini na tano, na yule nesi ndiye hakuiona. Nikamwambia ahame aje akae kwenye kiti nimpime mimi.

Daktari ni kijana, ndevu zake bado zinaomba ruhusa. Akanichorea jicho kwenye karatasi. Anasema nyuma ya jicho kuna mbegu za aina tatu, na rangi zote ulizowahi kuona duniani zimepikwa na hizo tatu. Zangu, anasema, mbegu za nyekundu zimeota zikifanana mno na za kijani, ndiyo maana nyekundu na kijani na hudhurungi kwangu ni mtu na ndugu zake. Anasema hata wawili wenye macho mazima hawaoni sawasawa kabisa, na hakuna aliyewahi kuingia kwenye jicho la mwenzake akahakikisha. Nikamwambia, "Basi kadi zako kazipa ujaji nani?" Akacheka. Mtu akikosa jibu na ana digrii, hucheka.

Halafu akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Mbah, haiwezekani."

Huo ndio ushahidi wangu, Dik Tum. Ama kadi zake ni za uongo, ama nyekundu yangu ya miaka arobaini na moja ni ya uongo, na hiyo inajulikana kila soko kuanzia Tuban mpaka Pekalongan. Chagua moja.

Ramadhani inakaribia. Unajua mwezi huo mapipa nayageuza chini juu, maana mchana hakuna kahawa, na Kinem naye alikuwa nikimtajia tu kutia rangi Ramadhani anashikwa na tumbo. Ikipita Idi naanza kitambaa cha Wening, kwa mikono yangu, mbele ya mji mzima.

Pramudi mwambie arudi. Mwambie babu yake naye alifeli na jino halijamuua.

Kambali


Solo, 25 Julai 1978

Kang Kambali,

Nilimwapia dada yangu, mkono wangu juu ya Msahafu. Leo navunja kiapo, na nitafunga siku tatu za kafara juu ya Ramadhani nzima, na njaa yote hiyo naiandika kwa jina lako.

Mwezi wa pili wa ndoa yenu Kinem alikutuma uchume pilipili zilizoiva. Ulirudi na kapu, nusu mbichi, ukabishana naye mpaka jioni kwamba zote zimeiva. Wiki ile ile baba yako alikuachia pipa peke yako kwa mara ya kwanza, kikatoka kitambaa cha rangi ya tope. Ulisema mizizi ilikuwa mibaya. Baba yako akakupiga kwa upawa mbele ya mkeo. Kinem hakuweza kulala. Siku ya pili alisimama mlango wa jiko akilitazama pipa, na rangi ilipofika akataka kukuita, akaogopa utamfokea. Akakuletea kahawa. Ukanywa, ukanyanyuka, ukakitoa kitambaa. Kilikuwa chekundu mpaka baba yako akalia.

Alikuja kwangu mbio, kanga imemvuka. "Tum, nimepata njia."

Kang, ile njia yako ambayo mji mzima unaijua ilikuwa njia yake. Ikiwa rangi bado kidogo, alikuletea kahawa inayotokota ili upulize sana. Ikiwa inataka kutolewa sasa hivi, alikuletea nusu kikombe, ya vuguvugu, ukanung'unika kwamba umeoa mvivu. Mwezi wa Ramadhani alishikwa na tumbo kwa sababu hakuwa na cha kukuletea. Miaka arobaini na moja hakwenda kulala nyumbani kwa mama yetu hata usiku mmoja ukiwa na pipa motoni. Mama alikufa hayupo. Ulikuwa na kitambaa cha mkuu wa wilaya.

Wewe hujatia nyekundu hata siku moja maishani mwako. Ulikuwa unakunywa kahawa.

Nimeyasema makali kwa makusudi, kwa sababu laini huyasikii. Usimtie Wening aibu kwa ubishi wako. Mpe Warti.

Tumirah


Solo, 14 Septemba 1978

Kang,

Idi imepita na hukujibu. Warti ameniandikia. Anasema kahawa unaimwaga kwenye mzizi wa mpapai, kila siku. Anasema kigoda umekipasua kuni. Anasema umewasha moto chini ya mapipa mawili na humruhusu mtu yeyote kuingia uani isipokuwa yeye, na hata yeye humwambii cha kufanya.

Unaandaa nini? Harusi ni wiki nane. Kitambaa cha mengkudu huchovywa na kuanikwa hata mara kumi na tano, sikuhitaji kukukumbusha. Nikinunue au nisinunue? Jibu neno moja, uchoyo wako nauelewa.

Pramudi amepanda basi jana. Amebeba moyo mzito na maboksi yangu mawili ya vikuku vya harusi, usimwache akae juu yake.

Tumirah


Lasem, 18 Oktoba 1978

Bibi Tumirah,

Hamkukosa kunicheka, wewe na dada yako. Nimehesabu: mikutano yenu ya kila Idi, kila arusi, kila matanga, mmekaa jikoni mkishikana mikono, nami nikipita mnanyamaza. Nilidhani mnazungumza mambo ya wanawake. Mlikuwa mnanizungumza mimi. Na wewe ulivyo hodari wa ukweli, ukweli huo ulikaa nao kifuani miaka arobaini na moja ukiuza batiki yangu na kujengea nyumba yako ya ghorofa. Ulimi ulifunguka siku biashara ilipokufa. Usijifanye mtu wa Msahafu kwangu.

Nilipomaliza kukutukana peke yangu, ilinichukua wiki tatu, nilikaa nikatazama mapipa. Nikajiuliza, nikitazama pipa naona nini? Maana naona kitu, Tumirah. Sioni giza. Naona inavyobadilika, inatoka kwenye nyepesi kwenda kwenye nzito, kama jioni inavyoingia chumbani. Mnaiita jina hilo hilo ninaloiita mimi. Sasa mtu atajuaje?

Kwa hiyo nimefanya hivi. Vitambaa viwili, nta moja, mchoro mmoja wa ndege na makomamanga, mizizi ya gunia moja. Kimoja nimekitoa mimi, kwa hesabu yangu na pua yangu, bila kahawa. Kingine nimemwachia Warti akitoe anapotaka, nami nikageuza mgongo. Nimevitundika pamoja na kuvitazama mpaka wali ukapoa. Ni kitambaa kimoja. Naapa kwako, na nyinyi mnapenda viapo, ni kitambaa kimoja kimetundikwa mara mbili.

Nakuletea vyote kwa basi. Havina alama ya kukusaidia wewe. Niambie kipi ni cha Wening. Ukinidanganya kwa huruma nitajua, maana huruma huiwezi, itakutoka imepinda.

Kambali


Solo, 24 Oktoba 1978

Kang Kambali,

Nimevifungua dukani mbele ya watu, bila kusema vimetoka wapi.

Hiki ninachokurudishia, nilichokifunga kwa uzi mweupe, ndicho cha Wening. Mshona nguo wa duka la jirani alisimama kukitazama, nguo ya mteja mkononi. Mke wa hakimu alikuwepo, unamjua alivyo, akauliza bei kabla hajauliza hali yangu. Sina la kuongeza. Ni nyekundu ya dada yangu.

Kile kingine ni kutu. Si kibaya kama vile sita, lakini ni kutu, na hakuna kwenye soko hili atakayekiita nyekundu ila awe anakuomba kura.

Kuhusu kucheka: nilicheka mimi, nakiri. Yeye hakucheka hata mara moja. Nilimwuliza siku moja, huchoki kusimama mlangoni kama askari? Akaniambia, "Nikimwambia ataacha, na akiacha atanikalia kutwa nzima humu ndani." Usitafute utamu kwenye maneno hayo, hayakuwa na utamu. Alikuwa anakujua tu.

Kuhusu ghorofa, ni kweli.

Sasa niambie, na usinifiche: chenye uzi mweupe ni cha nani?

Tumirah


Lasem, 29 Oktoba 1978

Dik Tum,

Mimi mzima, na safari hii nadhani unataka.

Chenye uzi mweupe ni cha Warti: nimetafuta fundo nililolificha kwenye pindo la changu, halimo. Ulilijua kabla hujauliza, uliuliza ili nikuandikie kwa mkono wangu. Haya, umeandikiwa. Kiweke kwenye fremu.

Nilimwita uani nikamwonesha barua yako. Nikamwuliza, "Wewe ulijuaje wakati?"

"Tangu nina miaka sita nasimama na mama mlangoni. Anauliza, bado? Nasema, bado. Anauliza tena."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, Bapak. Ukaniuliza kimepitiliza wapi, Surabaya."

Nikamkabidhi upawa, ule aliotumia baba yangu kunipigia. Akaupokea, akauangalia, akaniambia nisogee kidogo namzibia mwanga. Hakunishukuru wala hakulia. Amekuwa mkali siku tatu hizi, mapipa amenihamishia mbali, mimi sasa kazi yangu ni kuni na maneno. Wali tunapika mimi na Pramudi. Unaungua.

Pramudi naye amechangamka. Juzi tulitumwa pilipili. Tukasimama bustanini watu wazima wawili, tukazitazama, tukabishana kidogo kwa heshima, tukakubaliana kwamba hizi ndizo zilizoiva. Warti alipoliona kapu aliketi chini. Lakini nakuambia, sijawahi maishani kukubaliana na mtu upesi vile. Miaka yote nilidhani nyinyi wengine ni wabishi. Kumbe nilikuwa nakaa nchi ya peke yangu, sasa tumekuwa wawili, tunaweza kuanzisha ofisi.

Kinem nimekwenda kumwona kaburini. Nilimpelekea maua, nikamwuliza mwenye duka yaliyo mekundu ni yapi, kwa sauti kubwa, mbele ya watu. Waliona nimezeeka. Mimi niliona nimemlipa kidogo, si zote. Suala la mama yenu sikuweza kulitaja pale. Nalitaja kwako.

Sasa harusi. Wening atavaa cha uzi mweupe, na shangazi za Rembang wakinyooshe juani mpaka mikono iwaume. Atakayeuliza nani kakitia rangi ataambiwa Warti, na nitalisema mimi, kabla hujanitangulia na mdomo wako.

Kile cha kutu nirudishie kwa basi la kesho. Usikiuze, usimpe ombaomba. Nitakivaa mimi. Nitasimama nacho karibu na bibi harusi, kifua mbele, na mwenye kucheka acheke, amekuja kula wali wangu ulioungua ananidai nini zaidi. Watasema mzee hajui kwamba amevaa kutu. Nitakuwa najua. Wao ndio hawatajua kwamba najua, na hilo litanishibisha kuliko nyama.

Mpiga picha nimemchagua mwenyewe. Wening alitaka yule kijana wa Semarang mwenye picha za rangi. Nimekataa. Nimemwita mzee Darmo wa hapa hapa, mwenye kamera ya marehemu baba yake, inayotoa nyeusi na nyeupe. Atatupanga kwenye ngazi, mimi na Wening bega kwa bega. Na wewe utakuwepo pembeni, umevaa dhahabu zako.

Hiyo ndiyo itakayotundikwa ukutani. Watoto wa Wening watakuja kuitazama, na watoto wao, na wewe mwenyewe ukija na macho yako mazima ya Solo utasimama mbele yake, utatuona sote wawili tumevaa kitambaa kimoja.

Shemeji yako,
Kambali